Mji wa Lamu na Nguzo Tano za Uislamu

Msafiri atokaye bara kwenda Lamu hufika kwanza Mokowe, ambako ndiko mwisho wa njia ya motakaa. Hapo huliacha gari, akashuka gatini, akaingia chomboni na kuvuka mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, mpaka akauona mji mbele yake: nyumba za mawe zilizosongamana, mapaa ya makuti, na punda pwani wakingoja mizigo. Akifika jua likichwa, husikia adhana kutoka msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, hata mji mzima ukajaa sauti hiyo. Wenye maduka hufunga milango, wavuvi huacha nyavu zao, na watu huelekea misikitini kwa vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa shida.

Wasomaji wengi wa bara wana jirani Mwislamu, au hufanya kazi ofisini pamoja na karani Mwislamu, au huuza mahindi yao kwa mwenye duka Mwislamu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Waislamu wa Kenya walipita milioni 5. Jirani humwona mwenzake akifunga, humwona akitoka kazini adhuhuri ya Ijumaa, humwona akikataa nyama mezani. Lakini maana ya mambo hayo aghalabu hajaambiwa, naye huona haya kuuliza. Basi yafaa kwenda Lamu kuulizia, maana huko dini imo katika mawe ya nyumba, katika hesabu ya miezi, na katika maamkio ya watu njiani. Mji huo uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

ASILI YAKE

Uislamu ulianza Bara Arabu. Muhammad alizaliwa Makka karibu na mwaka 570, na Waislamu huamini kwamba alipokuwa na umri wa miaka 40 hivi alishukiwa na maneno ya Mungu kwa mkono wa malaika Jibrili. Watu wa mji wake walimwudhi yeye na wafuasi wake, na baadhi ya wafuasi hao wakavuka bahari kukimbilia Afrika, kwa mfalme wa Habeshi, ambaye aliwapa hifadhi. Mwaka 622 Mtume mwenyewe alihamia Madina. Uhamisho huo huitwa Hijra, nao ndio mwanzo wa kuhesabu miaka ya Kiislamu. Alifariki mwaka 632.

Dini hiyo haikukawia kufika pwani yetu. Katika kisiwa cha Pate, jirani na Lamu, kuna magofu ya mji uitwao Shanga. Wataalamu wakiongozwa na Mark Horton walichimba huko katika miaka ya 1980, wakakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti mingine midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Hivyo watu walikuwa wakisali katika visiwa hivi miaka zaidi ya 700 kabla ya jahazi la Vasco da Gama kufika pwani hii mwaka 1498. Haikuja kwa jeshi. Ilikuja na wafanya biashara waliosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, wakaoa, wakakaa, na wenyeji wakaipokea wakaifanya yao.

SHAHADA NA IMANI

Waislamu husema kwamba dini yao imesimama juu ya nguzo tano, kama nyumba isimamavyo juu ya nguzo zake. Nguzo ya kwanza ni shahada, yaani kukiri kwa ulimi na kwa moyo kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Mtu akikiri hivyo kwa kweli, amekwisha kuwa Mwislamu. Hapana haja ya kuhani wala ya maji ya kubatizwa. Na Mwislamu hana padre asimamaye kati yake na Mola wake. Imamu ni mtu mwenye kusoma vizuri na mwenendo mwema, asimamaye mbele kuwaongoza wenzake tu.

Ama mambo ya kuamini ni sita: Mungu mmoja, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kudra yake, ya kheri na ya shari. Mkristo atayasikia humo majina anayoyajua. Ibrahimu, Musa na Daudi ni mitume kwa Waislamu. Taurati, Zaburi na Injili ni vitabu vilivyoteremshwa. Na Isa mwana wa Mariamu hutajwa kwa heshima kubwa, ingawa Waislamu hawamwiti Mwana wa Mungu. Kitabu cha mwisho ni Kurani, yenye sura 114, nayo imegawanywa katika juzuu 30 ili mtu aweze kusoma juzuu moja kila siku na kuihitimu kwa mwezi.

SALA

Nguzo ya pili ni sala, na hiyo ndiyo inayompangia mtu wa Lamu siku yake. Ziko tano: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Mtu wa huko akiahidi kukutana na mwenzake, aghalabu hasemi saa kumi na moja. Husema baada ya alasiri. Kila sala ina rakaa zake, yaani duru ya kusimama, kuinama na kusujudu: mbili alfajiri, nne adhuhuri, nne alasiri, tatu magharibi, nne isha, jumla 17 kwa siku. Ijumaa, wakati wa adhuhuri, wanaume hukusanyika msikitini, wakasikiliza hotuba kisha wakasali rakaa mbili kwa jamaa.

Msikiti wenyewe haufichi kitu. Mlangoni pana birika la maji, na hapo mtu hutawadha: huosha mikono, husukutua, husafisha pua, huosha uso, tena mikono hata vifundoni, hupaka maji kichwani, na mwisho huosha miguu. Viatu huachwa nje. Ndani hapana sanamu wala picha wala viti. Kuna mikeka au mazulia, mimbari ya hotuba, na katika ukuta mmoja kuna kijumba kilichochongwa kuonyesha upande wa Makka, nacho huitwa kibla. Kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini hasa ya Lamu, watu wa huko wakisali huelekea kaskazini. Msikiti wa Pwani husemwa ulijengwa mwaka 1370, na msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mfano wa pia, ni wa mwaka 1829. Kwa desturi ya zamani ya mji, wanawake wengi husali nyumbani, na sala yao ni ile ile.

ZAKA

Nguzo ya tatu ni zaka, na mkulima atapenda kusikia hesabu yake. Zaka si sadaka ya hiari. Ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya mwenye nacho. Mtu aliye na akiba ya fedha yenye thamani ya gramu 85 za dhahabu, nayo ikakaa mwaka mzima, hutoa sehemu moja katika 40. Mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja. Mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama wa mwaka mmoja. Nafaka haingoji mwaka. Hutolewa zaka siku ya mavuno, ikifika kiasi cha kilo 650 hivi. Shamba lililonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, bali lililonyweshwa kwa kazi na gharama hutolewa sehemu moja katika 20. Hivyo sheria humhurumia mkulima aliyetoka jasho zaidi.

Wanaopewa zaka wametajwa katika Kurani, nao ni mafungu manane. Miongoni mwao wamo mafakiri na maskini, wenye madeni, na msafiri aliyeishiwa njiani. Limo na fungu la kuwakomboa watumwa. Neno hilo la mwisho yafaa kuliweka moyoni, maana litarudi katika habari hii.

SAUMU NA HIJA

Nguzo ya nne ni kufunga mwezi wa Ramadhani. Tangu alfajiri hata magharibi Mwislamu hali, hanywi hata tone la maji, wala mume na mke hawaingiliani. Mgonjwa, msafiri, mama mwenye mimba au anyonyeshaye wana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mzee asiyeweza tena hulisha maskini badala yake. Jua likichwa watu wa Lamu hufungua kwa tende na maji, kisha uji, na mihogo au ndizi zilizopikwa kwa nazi; na usiku mwingi huamka kula daku. Lakini wanavyuoni husema kwamba mwenye kufunga tumbo na kuuachilia ulimi usengenye, hakupata katika saumu yake ila njaa na kiu.

Miezi ya Kiislamu hufuata mwezi wa mbinguni, na mwaka wake hupungua siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Ndiyo sababu Ramadhani huzunguka, pengine kaskazi, pengine masika. Waswahili wa zamani waliihesabu miezi tangu kufungua: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hata Mfungo Kenda, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Siku ya kwanza ya Mfungo Mosi ni Idd. Kabla ya sala ya siku hiyo kila mwenye uwezo hutoa kwa ajili ya kila mtu wa nyumba yake chakula cha kiasi cha kilo mbili na nusu, ili siku ya furaha asiwepo mwenye njaa.

Nguzo ya tano ni hija, kwenda Makka mara moja katika maisha, kwa mwenye afya na nauli asiyeacha nyuma watoto wenye njaa. Wanaume hujifunga nguo mbili nyeupe zisizoshonwa, na katika vazi hilo tajiri hatambulikani na mchukuzi. Mahujaji huizunguka Kaaba mara saba, huenda mbio kati ya vilima vya Safa na Marwa, na tarehe 9 ya Mfungo Tatu husimama katika uwanda wa Arafa wakiomba. Kesho yake ni Idd ya pili, na Waislamu wa dunia nzima huchinja, wakagawa nyama kwa jamaa, majirani na maskini.

SAFU MOJA

Atazamaye watu wa Lamu wakisali huona kwamba husimama katika safu moja, bega kwa bega, bila kiti cha bwana wala nafasi ya mtumwa. Mwadhini wa kwanza wa Uislamu alikuwa Bilali, mtu mweusi wa asili ya Habeshi, aliyekuwa mtumwa akakombolewa. Na ndiye Mtume aliyemchagua kuwaita watu. Hayo ndiyo mafundisho. Lakini mafundisho ni jambo moja, na desturi za watu ni jambo jingine, na Lamu inajua habari hiyo vizuri kuliko miji mingi.

Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa na daraja zake. Upande wa Mkomani walikaa waungwana katika nyumba za mawe. Upande wa Langoni walikaa wengi wa wageni na watu wanyonge katika nyumba za udongo na makuti. Mashamba ya bara yalilimwa na watumwa. Elimu ya juu ya dini ilikuwa kama mali ya nyumba chache, ikirithiwa na baba na mwana. Mnyonge aliambiwa asali, lakini si kila mtu aliyependa kumwona ameketi na kitabu mbele ya mwalimu.

Mwishoni mwa karne hiyo alikuwapo Lamu mtu aliyetoka visiwa vya Ngazija, sharifu wa ukoo wa Jamalilil, jina lake Saleh bin Alwi; watu walimwita Habib Saleh. Alisoma kwa wanavyuoni wa mji, na kwa nasaba yake angaliweza kukaa pamoja na wakubwa. Akachagua kukaa Langoni. Akawafundisha watumwa na watoto wa watumwa, wachukuzi na wageni, wote waliotaka kusoma. Alikubali matari yapigwe katika kumsifu Mtume, kwa kuwa aliona jinsi watu wake walivyopenda ngoma na nyimbo. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa; walisema kwamba matari hayana mahali pake msikitini, na pengine kilichowaudhi zaidi ni wale waliokuwa wakiyapiga. Yeye hakugombana nao. Aliendelea kufundisha.

Karibu na mwaka 1900 msikiti wake ulijengwa huko Langoni, ukaitwa Riyadha, maana yake bustani. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kwa sheria katika nchi hii. Lakini sheria huweza kumfungua mtu minyororo isimpe heshima. Katika Riyadha mwana wa mtumwa alikuwa amekwisha kupewa kitabu. Wanafunzi wakaja kutoka pwani yote na hata kutoka bara, na wengi wao wakarudi makwao wakawa walimu. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na kazi yake ikashikwa na wanawe na wajukuu wake.

Kila mwaka, katika Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, watu kutoka sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki huja Lamu kwa Maulidi. Husoma kitabu cha sifa za Mtume kilichotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut. Vijana hucheza na fimbo, punda hushindana mbio pwani, na umati hulizuru kaburi la Habib Saleh. Haki inataka isemwe kwamba Waislamu wote hawakubaliani juu ya jambo hili. Wapo wanavyuoni wasemao kwamba Maulidi ni uzushi usiokuwapo zamani za Mtume. Wengine hujibu kwamba ni njia njema ya kuwafundisha watu na kuwakusanya. Mabishano hayo ni ya zamani, na hayajaisha.

NDOA, MIRATHI NA MAZISHI

Sheria ya dini huingia pia nyumbani. Wengi wa Waislamu wa pwani ni Wasuni wa madhehebu ya Shafi. Ndoa ni mapatano mbele ya mashahidi wawili, na mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe, si ya baba yake. Mtu akifa, mali yake haigawanywi kwa matakwa ya mkubwa wa ukoo. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, na marehemu asipoacha mtoto mke hupata robo. Mama wa marehemu aliyeacha watoto hupata sudusi. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mtu huweza kuusia theluthi moja tu ya mali yake, tena kwa wasiokuwa warithi. Mashauri ya namna hii huamuliwa na kadhi; na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za kadhi kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Maiti hakawizwi. Huoshwa, huvikwa sanda nyeupe, husaliwa, akazikwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Mungwana wa Mkomani na mchukuzi wa Langoni hushuka kaburini kwa sanda za namna moja.

ADABU ZA MGENI

Mgeni asiye Mwislamu hukaribishwa Lamu kwa ukunjufu, naye akizishika adabu chache hatamwudhi mtu. Abishe hodi, asiingie mpaka ajibiwe. Asiingie msikitini bila ruhusa, na akiruhusiwa avue viatu. Asipite mbele ya mtu anayesali. Atoe na kupokea kwa mkono wa kulia. Mchana wa Ramadhani asile wala asivute sigara njiani. Akimwalika Mwislamu nyumbani kwake, asimwandalie nguruwe wala pombe, na nyama iwe imechinjwa na mtu wa halali. Akishindwa kuipata, samaki na wali vitatosha, na mgeni wake atashukuru.

Usiku, baada ya isha, vichochoro vya Lamu hutulia. Alasiri yake, katika vyuo vya Langoni, watoto walikuwa wameketi mkekani wakisoma kwa sauti, na mwalimu aliwasahihisha mmoja mmoja bila kuuliza babu wa huyu alikuwa nani. Miaka 130 hivi iliyopita swali hilo liliulizwa mlangoni kwanza. Anayetaka kuijua dini ya jirani yake na azijifunze nguzo zake tano. Kisha na atazame pia jinsi watu wake walivyojitahidi, kizazi baada ya kizazi, kuifanya safu ya msikitini iwe safu ya mjini.